Ndege Imeshapita, Sauti Ndiyo Kwanza Inafika

Agosti 3, 2022, katika Uwanja wa Alexander jijini Birmingham, Ferdinand Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.02 na kutwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wapiga picha waliomsubiri mwisho wa njia walikuwa na sekunde kumi za kumlenga, kumpoteza na kumpata tena. Ndege ya kivita ikipita kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa huzimaliza mita hizohizo kwa chini ya nusu sekunde. Ndani ya muda huo mpiga picha anatakiwa awe ameshaiona, ameshaiingiza kwenye fremu, lenzi imeikamata na kidole kimebonyeza. Anayesubiri aione ndipo ainue kamera atarudi nyumbani na picha za mawingu.

Mkazi wa Birmingham anayetaka kujipima hana safari ndefu. Kwa kawaida Jumapili moja ya mwezi Juni, kambi ya Jeshi la Anga la Uingereza ya Cosford, kilomita 40 na ushee kaskazini-magharibi ya jiji, hufungua malango kwa maonyesho ya ndege. Treni ya kutoka stesheni ya New Street hupita Wolverhampton na kumshusha abiria jirani kabisa na kambi. Siku hiyo huna haja ya kumuuliza mtu njia. Mabehewa yamejaa mabegi ya kamera, viti vya kukunja, chupa za chai na makoti ya mvua, maana Juni ya huku haiaminiki.

Njia ya kurukia ya Cosford ni fupi, mita 1,200 hivi, kwa hiyo ndege za kasi kwa kawaida hazitui pale. Typhoon, kwa mfano, hutoka Coningsby, upande wa mashariki ya nchi. Hufika kwa dakika iliyoandikwa kwenye ratiba, hucheza kwa dakika chache zikiunguruma mpaka kifua kinatetemeka, kisha hurudi zilikotoka. Ukiikosa, umeikosa.

Hesabu kabla ya kamera

Typhoon ina urefu wa karibu mita 16. Lenzi ya milimita 400 kwenye kamera ya fremu kamili huona kipande cha anga chenye upana wa nyuzi tano tu. Ndege ikiwa mita 300 kutoka uliposimama, itajaza zaidi ya nusu ya kipande hicho. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Tatizo ni kwamba, ikipita mbele yako kwa kilomita 800 kwa saa, inahama nyuzi 42 kila sekunde. Ukiishikilia kamera mahali pamoja, pua ya ndege itaivuka fremu nzima kwa sehemu moja ya nane ya sekunde. Kupepesa jicho kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.

Basi kamera haina budi kutembea na ndege. Wazoefu husimama miguu ikiwa imeelekea pale wanapotaka kuipatia picha, kisha hukizungusha kiuno nyuma kuipokea ndege ingali nukta kwenye upeo wa macho. Viwiko hubana mbavu, mkono wa kushoto hubeba lenzi kwa chini, na mwili wote juu ya nyonga hugeuka kwa pamoja. Hapo mpiga picha hufanya kama konda anayeshuka daladala ikiwa bado inatembea: miguu yake imeshaanza kukimbia kabla ya kugusa ardhi, na inaendelea kukimbia baada ya kuigusa. Wageni wengi huikosa sehemu ya pili. Wakishabonyeza tu, mikono inakufa, na picha ya mwisho, ambayo huenda ndiyo ingekuwa bora kuliko zote, inatoka imeburutika.

Kasi ya shata ndiyo bima ya mikono isiyo kamili. Tuseme mwendo wako umepishana na wa ndege kwa sehemu moja ya kumi, kosa dogo kabisa kwa binadamu. Kwa shata ya 1/1000 ya sekunde, kamera yenye nukta 6,000 kwa upana itaiacha ndege na kivuli cha nukta tano hivi, kiasi cha kuyafuta maandishi madogo kwenye ubavu. Ukipanda hadi 1/2000, kivuli kinapungua kwa nusu. Ndiyo maana kwa jeti wengi huanzia 1/1000 na kupanda kadiri mwanga unavyoruhusu. Stendi ya miguu mitatu, ambayo duka litakushauri ununue, iache nyumbani. Inafaa kwa machweo ya Forodhani.

Kuna na mtego wa anga lenyewe. Kamera ikiona mawingu meupe yamejaa fremu hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na ndege ya kijivu ikatoka nyeusi kama kivuli cha mwewe. Dawa yake ni kuilazimisha iongeze mwanga, hatua moja au karibu na hapo, na kukubali mawingu yapauke. Anga la buluu halina ukorofi huo. Birmingham, hata hivyo, anga la buluu ni la kuomba.

Masikio yanadanganya

Jaribu kuwatazama watu badala ya ndege. Watoto, na watu wazima wengi tu, hunyosha kidole kule sauti inakotoka, na kule hakuna kitu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Ndege iliyo umbali wa kilomita moja hukufikishia mngurumo wake baada ya karibu sekunde tatu, na katika sekunde hizo, kwa mwendo tuliotaja, imeshasogea zaidi ya mita 600. Wapiga picha hutambulika kwa kutazama upande ambao bado uko kimya. Wameisoma ratiba, wamemsikia mtangazaji kwenye vipaza sauti akitaja ndege ifuatayo, na wanajua itatokea upande gani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wa kamera. Ni kweli kwamba mashine zimeerevuka. Sony A7R V ya mwaka 2022 huweza kuitambua ndege yenyewe na kuing'ang'ania, na kampuni nyingine nazo hazikulala. Lakini mashine haijui kitakachotokea sekunde kumi zijazo. Mtu anajua, au anaweza kujua, kwa sababu onyesho la ndege ni mchezo uliofanyiwa mazoezi mamia ya mara na haubadiliki kiholela.

Chukua Red Arrows, kikosi cha jeti tisa nyekundu za aina ya Hawk kilichoundwa mwaka 1964. Wana mipango mitatu ya onyesho, na kinachoamua ni urefu wa mawingu kutoka ardhini. Mawingu yakiwa juu sana, wanapanda na kufanya mizunguko mikubwa ya wima. Yakiwa ya wastani, wanabiringita zaidi kuliko kupanda. Yakiwa chini, wanabaki kwenye mapito ya bapa na mikunjo. Aliyekaa chini akayatazama mawingu kwa dakika mbili ameshajua aandae lenzi ipi: pana ya kupokea umbo la ndege tisa na moshi wake wote, au ndefu ya kumfuata mmoja mmoja. Moshi wenyewe ni dizeli inayonyunyiziwa kwenye joto la bomba la injini. Hiyo peke yake hutoa mweupe, na mwekundu na wa buluu hupatikana kwa kuitia rangi. Ukiona upepo unavuma kutoka nyuma yako kwenda uwanjani, furahi. Ukivuma kuja kwako, baada ya dakika tano utakuwa unapiga picha za ukungu wa rangi tatu.

Sehemu inayowatoa watu jasho ni pale ndege mbili za kikosi zinapokuja uso kwa uso na kupishana katikati ya uwanja. Tuseme kila moja inakwenda kilomita 560 kwa saa. Zinakaribiana kwa zaidi ya mita 300 kila sekunde. Kamera inayopiga picha 20 kwa sekunde, ambayo si kamera ya bei rahisi, huziacha zisogeleane kwa mita 15 kati ya picha na picha. Hawk ina urefu wa mita 12. Maana yake ni kwamba nukta yenyewe ya kupishana inaweza kuangukia katikati ya picha mbili, na ukabaki na moja ambamo bado hazijalingana na nyingine ambamo zimeshaanza kuachana. Rasharasha ya picha haisaidii. Mzoefu huchagua ndege moja, huifuata, na hubonyeza pale mwili unapomwambia, akimwamini rubani wa pili kwamba atafika kwa wakati. Na hufika.

Picha nzuri ya kikosi hicho ikikuzwa kwenye kompyuta ina jambo la kutazamwa kwa utulivu. Ndani ya vioo utaziona helmeti, na zile za nyuma hazitazami mbele. Zote zimegeukia kwa kiongozi. Rubani anayeruka mita chache kutoka bawa la mwenzake anaitazama ndege ya mbele na kuilinganisha na yake. Kwa macho matupu huwezi kuliona hilo kutoka uwanjani.

Unyevu wa Uingereza, ambao sisi wa joto tunaulaani miezi tisa kwa mwaka, siku hiyo unageuka neema. Ndege ikikata kona kali, mgandamizo wa hewa juu ya mabawa hushuka ghafla, hewa hupoa, na mvuke uliomo hugeuka wingu jeupe linaloifunika migongo ya mabawa kwa nukta ya sekunde. Siku kavu ya jua kali hulioni. Siku ya mawingu mazito rubani anapomwaga mafuta ya ziada kwenye moshi wa injini ili kupata nguvu zaidi, ndimi mbili za moto wa machungwa huonekana mchana kweupe. Na hewa iliyopoa haitetemeki juu ya lami kama ile ya saa nane ya jua, ambayo huifanya ndege ionekane imechorwa chini ya maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote iwezayo kuirekebisha.

Spitfire ni somo jingine. Birmingham ina haki ya kujivunia ndege hii, kwani kiwanda cha Castle Bromwich, mashariki ya jiji, kilitoa karibu 12,000 kati ya zaidi ya 20,000 zilizoundwa. Hadi mwaka 2024 pale palikuwa pakitengenezwa magari ya Jaguar, na kwenye mzunguko wa barabara jirani umesimama mnara wa Spitfire tatu zinazopaa, kazi ya Tim Tolkien ya mwaka 2000. Mkuu wa marubani wa majaribio wa kiwanda hicho, Alex Henshaw, alizirusha kwa maelfu, na husimuliwa kwamba Meya alipomwomba aonyeshe kidogo ili kuchangisha fedha za vita, alipita katikati ya jiji chini ya usawa wa mapaa, na viongozi wa mji hawakufurahi hata kidogo. Kwa mpiga picha aliyetoka kwenye jeti, Spitfire inataka kinyume cha kila kitu. Shata ya 1/2000 inazigandisha panga za mbele, na ndege inaonekana injini imezima na inaanguka. Lazima ushuke hadi 1/250, au 1/160 kama mikono inakubali, panga zifanye duara. Picha nyingi zitaharibika. Kwangu mimi ile itakayofaulu ndiyo picha yenye thamani kuliko ya jeti iliyokamatwa kila riveti, kwa sababu ndani yake kitu kinakwenda. Jeti iliyogandishwa juu ya anga tupu mara nyingi haitofautiani na ya plastiki iliyoning'inizwa kwa uzi.

Mstari usiovukwa

Ndege hizi hupita mbele ya watazamaji kwa mstari maalumu, na kwa kawaida haziwarukii juu ya vichwa, na utaratibu huo ulilipiwa kwa damu. Septemba 6, 1952, katika maonyesho ya Farnborough, ndege ya DH.110 ilivunjikavunjika angani. Rubani John Derry na mwenzake Anthony Richards walikufa pamoja na watazamaji 29. Masharti yakakazwa. Agosti 22, 2015, huko Shoreham, ndege kongwe ya Hawker Hunter ilishindwa kumaliza mzunguko wake na kuangukia barabara kuu nje ya uwanja, ikaua watu 11. Miongoni mwao walikuwamo waliosimama kando ya barabara kutazama kutoka nje. Mamlaka ya usafiri wa anga ilizizuia mara moja jeti kongwe zisifanye sarakasi juu ya nchi kavu, zikaruhusiwa kupita tu. Wapiga picha wanaopenda kujibanza nje ya uzio, mahali ambapo jua liko mgongoni na kiingilio hakidaiwi, tangu siku hiyo hawatazamwi kwa jicho lilelile.

Kwa mtu aliyekulia Afrika Mashariki, hata hivyo, kinachoshangaza Cosford si uzio. Ni kwamba unaruhusiwa. Kwetu, kibao cha kwanza unachokisoma ukikaribia kambi ni marufuku ya kupiga picha, na ndege za kivita tunaziona kwa mbali siku za sherehe za kitaifa, zinapita mara moja juu ya uwanja wa mpira, watu wanapiga vigelegele, basi. Kenya ilianza kupokea F-5 mwaka 1978, na Hawk, ndugu wa hizihizi za Red Arrows, mwaka 1980, mwaka uleule Red Arrows walipoanza kuzitumia katika maonyesho. Kisha likaja jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Jeshi la Anga likavunjwa, likapewa jina la Jeshi la Anga la '82, na halikurudishiwa jina lake hadi 1994. Katika miaka ile nani angemwelekezea rubani lenzi ya milimita 400?

Matokeo yake yanaonekana kwenye magazeti yetu. Wapiga picha wa Nairobi na Dar es Salaam wanaomkamata mwanariadha au twiga kwa ustadi wa kutisha hutuletea ndege ikiwa doa kwenye kona. Vifaa wanavyo. Walichonyimwa ni ratiba, mstari, na mazoezi ya kuiona ndege ileile ikirudia jambo lilelile mpaka mwili uzoee. Ndiyo maana maonyesho ya Mei 2022 katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, ambapo Jeshi la Kenya lilirusha ndege zake mbele ya raia waliojaa na simu zao, yalikuwa na uzito zaidi ya burudani. Yakirudiwa mara kwa mara, picha zitabadilika zenyewe.

Tusidhani lakini kwamba ni woga wa Kiafrika tu. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, watu wa kawaida wenye mapenzi ya kuandika namba za ndege kwenye madaftari, walikamatwa Ugiriki kwenye maonyesho ya kambi ya Kalamata wakituhumiwa ujasusi. Mwaka uliofuata wanane walihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Rufaa iliwaachia wote Novemba 2002. Mahakama ya kwanza ilishindwa kuelewa kwamba mtu anaweza kusafiri kutoka Uingereza kwenda kunakili namba ya mkia wa ndege kwa raha zake tu. Kusema kweli, hata mimi ilinichukua muda.

Anayetaka kuanza asikimbilie Juni. Kwenye bustani ya Sheldon, mwisho wa njia ya kurukia ya Uwanja wa Ndege wa Birmingham, kuna sehemu ya watazamaji, haina kiingilio, na ndege za abiria hushuka pale siku nzima kwa mwendo wa kistaarabu. Hapo ndipo pa kukifundisha kiuno. Baada ya Cosford kuna maonyesho makubwa ya Fairford mwezi Julai, ambako mwaka 2003 zilikusanyika ndege 535, rekodi ya dunia. Tiketi, huko na Cosford, zinunue mapema.

Na kwa aliyenogewa kabisa, kuna Mach Loop, mabonde ya Wales kati ya Dolgellau na Machynlleth, zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka Birmingham. Marubani wa kijeshi hufanyia huko mazoezi ya kuruka chini, hadi futi 250 kutoka ardhini, na mpiga picha aliyepanda mlimani huitazama ndege kutoka juu, akauona mgongo wake na mkono wa rubani kwenye usukani, nyuma yake nyasi na mawe badala ya anga tupu. Hakuna picha ya jeti inayoizidi hiyo. Ila huko hakuna ratiba, hakuna mtangazaji, na jeshi halimpigii mtu simu kumwambia linakuja. Wapo wanaopanda alfajiri na thamosi zao, wakakaa kwenye mvua hadi jioni, na kitu pekee walichokipiga picha ni kondoo. Wiki inayofuata utawakuta palepale.